Mpishi rafiki yangu anataka kuuita mgahawa wake jina la kibao cha fidla: Caprice. Tujadili

#1 Fidla_ya_Mengo

Wakuu, salaam kutoka Kampala. Nina jambo linalonisumbua wiki ya pili sasa, na kwa kuwa humu kuna wapishi, mawakili na wapenzi wa muziki, naomba tulichambue kwa utulivu.

Mimi napiga fidla. Jumamosi asubuhi nafundisha watoto, na wikendi nyingi utanikuta kwenye harusi, kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba kwa wazazi) au chakula cha jioni cha hoteli. Katika hoteli mojawapo nilifahamiana na mpishi, kijana wa Masaka, ambaye kwa miaka sita amekuwa akinisikia nikifanya mazoezi kabla ya wageni kuingia. Kona ninayokaa iko pembeni mwa mlango wa jiko. Kibao anachokisikia kuliko vyote ni Caprice ya 24 ya Niccolò Paganini, kwa sababu ndicho ninachopambana nacho.

Sasa huyu ndugu ameweka akiba, amepata nyumba ya kupanga Muyenga, ya meza nane tu, na anataka chakula cha hadhi ya juu: mgeni anakaa saa mbili, analetewa sahani ndogo ndogo moja baada ya nyingine. Juzi akaniambia, "Dada, nitauita Caprice. Nimeshaamua."

Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Halafu usiku nikaingia mtandaoni. Hong Kong kuna Caprice, ndani ya hoteli ya Four Seasons, mgahawa wa chakula cha Kifaransa ambao umewahi kupewa nyota tatu na Michelin, kitabu kinachopima migahawa, yaani daraja la juu kabisa wanalotoa. London nako kulikuwa na Le Caprice, mtaa wa Arlington, iliyofunguliwa mwaka 1947 na kufungwa mwaka 2020 baada ya kulisha vizazi na vizazi vya watu mashuhuri. Kwa hiyo jina si geni kwenye meza za wakubwa.

Maswali yangu mawili. Je, ni halali kulichukua? Na hata kama ni halali, je, linafaa? Kwangu la pili ndilo zito. Hicho kibao nakiheshimu. Sitaki kiwe pambo la ubao wa mlangoni.

#2 Sukali_Ndiizi

Dada, kwanza tueleze hicho kibao. Wengine humu fidla tunaijua kwenye taarabu tu.

#3 Fidla_ya_Mengo

Nashukuru kwa swali, @Sukali_Ndiizi.

Paganini alizaliwa Genoa, Italia, mwaka 1782, akafariki Nice mwaka 1840. Aliandika Caprice 24 za fidla peke yake, hakuna piano, hakuna kundi nyuma yako. Zilichapishwa mwaka 1820 na Ricordi wa Milano, na Paganini akaziandikia kwamba ni zawadi kwa wasanii. Hakumtaja mfalme wala tajiri yeyote.

Ya 24 ndiyo ya mwisho. Inaanza na wimbo mfupi, haufiki nusu dakika, mwepesi kiasi kwamba mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kuushika. Kisha wimbo huohuo unageuzwa mara 11, halafu unakuja mwisho. Mimi mageuzo hayo nayaita minyumbuliko, maana ndivyo yalivyo: mzizi mmoja, maumbo mengi, kama kitenzi chetu. Mnyumbuliko wa tatu unapigwa kwa oktavu, yaani sauti ileile ya chini na ya juu, nyuzi mbili kwa pamoja, taratibu. Wa sita ni sauti mbilimbili zinazopishana upesi, na kidole kikikosea kwa unene wa karatasi, kila mtu anasikia. Wa tisa ndio unaonitesa. Humo mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kubonyeza nyuzi, unatakiwa pia kuzidonoa, huku upinde ukirukaruka katikati. Kidole kimoja kinashika sauti, kingine kinakwanyua uzi uleule. Baada ya nusu saa ncha za vidole zina mistari myekundu kama umebeba ndoo ya maji kwa kamba.

Watunzi wakubwa waliokuja baadaye waliuchukua wimbo huo mfupi wakaujenga upya. Brahms alifanya hivyo mwaka 1863 kwa piano, na Rachmaninoff mwaka 1934 kwa piano na okestra. Hakuna aliyeumaliza.

#4 Wakili_wa_Ntinda

Nijibu upande wa sheria, maana hapo ndipo watu huumia.

Paganini amekufa tangu 1840. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hiyo imepita zamani. Isitoshe, neno moja tu kama jina la kazi halilindwi na hakimiliki. Hapo hamna shida.

Shida iko kwenye alama ya biashara. Ulinzi wake unakwenda nchi kwa nchi, ingawa alama zinazojulikana sana zina kinga ya ziada. Mwambie mpishi aende URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, afanye utafutaji wa jina kwanza, alihifadhi, ndipo asajili biashara. Halafu, hili wengi hawalijui: kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Ni maombi mawili tofauti. Alama ukiisajili inadumu miaka 7, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Mteja wangu mmoja alichora ubao, akachapisha menyu, akashona sare za wahudumu, ndipo akagundua mwenzake ameshasajili alama inayofanana. Alibandua kila kitu.

Asichapishe hata kadi moja kabla ya utafutaji huo.

#5 Mama_Gonja

Mimi ni mpishi, nimepika miaka 22, hoteli na sherehe. Nataka kuuliza jambo moja tu: anapika nini? Jina linafuata chungu. Kama anapika nyama ya kukaanga na chipsi kama wote, hata akiita jina la malaika haitasaidia.

#6 Fidla_ya_Mengo

Mama, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Anataka kupika ndizi. Ndizi peke yake, kuanzia sahani ya kwanza hadi ya mwisho. Sahani ya kwanza ni matooke matupu, kidogo, kwenye jani, bila mchuzi. Huo ndio wimbo. Kisha sahani 11, kila moja ndizi ileile au ndugu yake, imegeuzwa. Kisha mwisho. Aliniambia alilipata wazo hili kwa kunisikiliza mimi nikirudia na kurudia. Alisema, "Nilidhani unapiga nyimbo nyingi. Siku nilipogundua ni wimbo mmoja, nilisimama na mwiko mkononi."

#7 Mama_Gonja

Eeh, banange. Basi huyo kijana ana kitu. Ngoja nikae vizuri.

Wengi wanadhani ndizi ni ndizi. Kuna matooke ya kupika. Kuna gonja, ya kuchoma juu ya mkaa mpaka sukari yake itoke na kuungua pembeni. Kuna bogoya, ile kubwa ya kula mbivu. Kuna ndiizi, ile ndogo tamu kama mwenye jina lake hapo juu. Kuna kivuvu. Kuna mbidde ya kukamua, ambayo hailiwi, inanywewa. Kila moja ina utomvu wake, wanga wake, harufu yake. Ukimpa mgeni matooke ya siku moja baada ya kukatwa na ya siku tano, atadhani ni vyakula viwili.

Na ile sahani ya kwanza, matupu kwenye jani, ndiyo ngumu kuliko zote. Nieleze, maana vijana wanakimbilia sosi.

Unamenya kwa kisu kidogo, mikono umeipaka mafuta kidogo utomvu usikugande. Ndizi inatoka nyeupe inayoelekea njano, na usiikwangue, ondoa ganda tu. Majani unayababua motoni, upande hadi upande, mpaka yabadilike rangi na kulainika, yasipasuke unapokunja. Mshipa wa katikati umeshautoa, umeuweka chini ya sufuria pamoja na vikonyo, ili mzigo usiguse maji. Unafunga, unafunika kwa majani mengine, unaweka mvuke. Zikiiva unatoa mzigo mzima na kuunyiga, yaani kuukandamiza, kwa mikono miwili, jani likiwa bado limefunika, moto unakuja hadi kwenye kiganja. Unanyiga mpaka usisikie kibonge hata kimoja. Halafu, hapa ndipo wavivu wanapoishia: unarudisha motoni, moto mdogo sana, saa nzima au zaidi. Hapo ndipo rangi inakuwa ile ya dhahabu na harufu ya jani inaingia ndani. Mgeni akila, hakuna pa kujificha. Chumvi hamna, mchuzi hamna.

Mwambie aje anione.

#8 Fidla_ya_Mengo

"Hakuna pa kujificha." Mama, ndivyo mwalimu wangu alivyoniambia kuhusu ule wimbo mfupi wa mwanzo. Nitampa mpishi namba yako kwa ujumbe wa faragha.

#9 Mwanapwani_KLA

Assalaam aleikum wote. Mimi ni wa Mombasa, nimeishi Kampala miaka 15. Kwetu fidla ni kitu cha nyumbani, haina ugeni. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, kimekuwapo tangu 1905, na fidla zinalia humo mpaka leo. Kwa hiyo msione kama hiki ni chombo cha Wazungu tunachokiazima.

Ila nina pingamizi na jina. Caprice kwa anayekijua Kifaransa au Kiingereza ni tabia ya kubadilika badilika, leo hili kesho lile, bila sababu. Mgahawa wenye jina hilo unasema chakula chetu hakitabiriki. Mimi nikilipa pesa nyingi nataka kinachotabirika.

#10 Mwalimu_wa_Lugha_Jinja

Mwanapwani ana hoja, lakini neno lenyewe lina safari ndefu kuliko hapo. Limetoka Kiitaliano, capriccio. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba lina maneno mawili ndani yake: capo, kichwa, na riccio, kalunguyeye. Kichwa cha kalunguyeye! Yaani kichwa ambacho nywele zimesimama. Maana ya kwanza ilikuwa mshtuko, ule msisimko unaopita mwilini mpaka nywele zinasimama. Baadaye watu wakalisogeza karibu na capra, mbuzi, kwa jinsi mbuzi anavyoruka ghafla bila kuaga, ndipo likapata maana ya kufuata matakwa ya ghafla.

Kwa hiyo mwanzo wake ni kusisimka. Kigeugeu kilikuja baadaye.

Na kwa faida ya wasomaji: kalunguyeye si nungunungu. Nungunungu ni mkubwa, ana miiba mirefu yenye rangi mbili. Kalunguyeye anaenea kiganjani, ukimgusa anajikunja mpira.

#11 Mpenzi_wa_Okestra

Niongeze kwenye muziki. Paganini hakuanza. Mwitaliano mwenzake, Locatelli, alichapisha kazi ya fidla mwaka 1733 yenye capricci 24 pia. Hata hesabu ya 24 Paganini aliikuta. Kwa hiyo jina hili halikuwa mali ya mtu hata wakati huo, lilikuwa la wapiga fidla wote. Mpishi wa Muyenga naye ana haki nalo kama wa Hong Kong.

Lakini ajifunze kwa Paganini mwenyewe. Mwaka 1837 alijiingiza katika nyumba ya starehe Paris, Casino Paganini, muziki na michezo ya kamari chini ya paa moja, jina lake mlangoni. Leseni ya kamari ikakosekana, nyumba ikaanguka, akapoteza fedha nyingi na kuandamwa na kesi huku afya imeshaharibika. Huyo ndiye alikuwa mpiga fidla maarufu kuliko wote duniani. Jina halikumlipia kodi ya nyumba.

#12 Fidla_ya_Mengo

Hiyo ya Casino nilikuwa naisikia juu juu, ahsante sana mkuu.

Na mimi nina la kuongeza, la furaha. Paganini alikuwa mtu wa chakula. Mapishi yake ya ravioli, kwa mwandiko wake, yamehifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Ravioli ni vifuko vya unga vilivyojazwa nyama. Kwa ratili moja na nusu ya unga anataka ratili mbili za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta kwa ajili ya mchuzi, na humo kuna siagi, kitunguu kilichokatwa laini, nyanya za kuhifadhiwa, na uyoga mkavu uliotwangwa. Unga usikandwe kwa mayai, anasema. Ndani anaweka nyama ya ndama iliyotwangwa, ubongo wa ndama, soseji, mayai matatu, jibini ya Parmesan kidogo, na konzi ya mboga ya majani iitwayo borage, ichemshwe na kukamuliwa sana.

Jumapili iliyopita tulipika, mimi na mpishi, nyumbani kwangu. Borage hatukuipata, tukatumia dodo, mchicha wetu. Soseji tukaiacha. Ubongo tuliupata kwa muuza nyama wa Kalerwe, akatushangaa. Kundi la kwanza la vifuko lilipasuka ndani ya maji, maana tulikuwa na haraka. Tukarudi kusoma. Kumbe Paganini ameandika wazi kwamba unga ufunikwe na kupumzika saa moja ndipo utandazwe mwembamba. Kundi la pili likashika. Tulikula kimya. Ladha ilikuwa ya mtu anayejua chakula cha kwao na anakikumbuka akiwa mbali.

#13 Mzee_wa_Kasubi

Wanangu, nimesoma yote. Mimi napiga endingidi tangu utoto. Ni uzi mmoja tu, kijiti kimepita kwenye mzinga wa mti uliowambwa ngozi ya kenge, na upinde mdogo kama wa mtoto wa kuwindia panzi. Uzi mmoja. Lakini nikipiga kwenye sherehe, wimbo mmoja naweza kuuzungusha mpaka jua lizame, na kila mzunguko una kitu ambacho wa nyuma hakuwa nacho. Msikilizaji anayejua anakutazama vidole, anangoja. Ukirudia ileile, anaondoka kwenda kunywa.

Kwa hiyo binti yangu hicho cha Paganini nakielewa ingawa sijakisikia. Lete fidla yako Kasubi siku moja, unipigie, nami nikupigie.

Juu ya jina, kijana aite jina ambalo mama yake akiliona mlangoni ataweza kulitamka. Hilo tu.

#14 Sukali_Ndiizi

Mzee amenigusa. Mama yangu hawezi kusema Caprice.

#15 Mwanapwani_KLA

Naondoa pingamizi langu la maana, baada ya Mwalimu wa Jinja. Nabaki na la Mzee. Pia naomba ile sahani ya mwisho isiwe tonto wala waragi, pombe za ndizi, maana wengine tutaacha sahani ya mwisho mezani na itakuwa huzuni. Iwe omubisi, juisi ya mbidde iliyokamuliwa kwa majani, kabla haijachacha. Hiyo kila mtu atainywa.

#16 Mama_Gonja

Mwanapwani kasema kweli. Omubisi ukiwa safi, wa siku hiyo hiyo, una povu jeupe juu na harufu ya nyasi. Ni mwisho mzuri kuliko pombe.

Kijana alikuja kwangu jana. Anajua kunyiga. Moto wake wa pili bado ni mkubwa, nimemwambia. Tumepanga pamoja: katogo, yaani ndizi na utumbo, iwe sahani ya sita kati ya zile 11, kwa sababu ina vitu viwili vinavyopikwa pamoja na kila kimoja lazima kifike kwa wakati wake. Yeye ndiye aliyesema, "Hapo ndipo dada hupiga sauti mbilimbili." Kabalagala, maandazi bapa ya ndizi, ya moto, ndogo kama sarafu, itakuwa ya tisa. Gonja ya mkaa ya kumi na moja.

#17 Fidla_ya_Mengo

Wakuu, narudi na taarifa, samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Mpishi amesoma uzi mzima kwenye simu yangu, jikoni, akiwa amekaa juu ya kreti ya soda. Alipofika kwa Mwalimu wa Jinja alisoma mara mbili. Akaniuliza, "Kalunguyeye? Wale waliokuwa wanatembea usiku kwenye shamba la bibi?" Nikamwambia ndio hao. Akacheka, akanyamaza, akasema bibi yake alikuwa akiwakataza watoto kuwapiga.

Mgahawa unaitwa Kalunguyeye. Ameshafanya utafutaji URSB, jina lilikuwa wazi, amelihifadhi, na maombi ya alama ya biashara yanaandaliwa kama Wakili alivyoelekeza. Kadi hajachapisha hata moja.

Nakiri siku ya kwanza niliumia kidogo, maana nililipenda lile jina la kibao changu. Sasa nikilitazama naona limebaki mlemle ndani. Mzee, mama yake alilitamka bila shida.

Tumekubaliana hivi. Kibao chote kinachukua kama dakika tano, chakula kinachukua saa mbili. Kwa hiyo sitakipiga mfululizo. Matooke yakiletwa, napiga ule wimbo mfupi, basi. Kila sahani ikitoka jikoni, mnyumbuliko mmoja. Omubisi ukifika, napiga mwisho.

Mnyumbuliko wa tisa sijaumudu kwa kasi inayotakiwa. Kabalagala inaliwa moto, haiwezi kunisubiri. Tunafungua Septemba. Mzee wa Kasubi, nakuja Jumapili baada ya saa nane, na fidla yangu.